Jumba la zamani la maonyesho: tulijenge upya lilivyokuwa, tuliache na makovu yake, au tulipe kazi nyingine?

Kila mji wenye umri kidogo una jumba lake moja. Lilijengwa kwa ajili ya tamthilia au sinema, mara nyingi kwa vyote viwili. Watu walifika wamevalia, watoto wakapenyezwa kwa nusu tiketi, kisha siku moja milango ikafungwa na popo wakahamia darini. Miaka inapita, paa linaanza kuvuja, na hatimaye inaundwa kamati. Mjumbe mmoja anataka jumba lirudishwe lilivyokuwa, mpaka vitasa vya milango. Wa pili anataka liwe maduka. Wa tatu anasema libomolewe, maana kiwanja chake ni ghali.

Makala haya nimewaandikia wajumbe wa kamati hiyo, popote walipo. Nimechukua majumba manne yaliyookolewa kwa njia nne tofauti: La Fenice ya Venice, Bouffes du Nord ya Paris, Auditorium ya Chicago na Grand Splendid ya Buenos Aires. Nitayalinganisha, kisha niyalete kwetu, hasa mtaa wa Vuga, Unguja, liliko jumba la Majestic. Msimamo wangu nautoa mapema: mambo mawili ndiyo yanayopaswa kuamua, kilichobaki ndani ya jengo na watu watakaolitumia kila wiki. Mapenzi ya dhahabu na vinara yaje baadaye. Na kamati ikishindwa kukata shauri, ichague njia ambayo watakaokuja baadaye wataweza kuitengua.

Venice: lilivyokuwa, palepale

La Fenice ilifunguliwa Mei 1792 kwa mchoro wa Giannantonio Selva. Ilipewa jina la yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka majivuni, maana waanzilishi wake walikuwa wamekwisha kuunguliwa na jumba lao la awali. Desemba 1836 La Fenice nayo ikateketea. Ndugu wawili, Tommaso na Giambattista Meduna, wakaijenga tena, na tarehe 26 Desemba 1837 watu walikuwa wamerudi vitini. Ilichukua mwaka mmoja na siku chache tu.

Usiku wa tarehe 29 Januari 1996 ikaungua mara ya pili, zikabaki kuta za nje. Wakati huo ilikuwa imefungwa kwa ukarabati. Mifereji ya jirani ilikuwa imekaushwa ili isafishwe, kwa hiyo boti za zimamoto hazikuweza kusogea karibu. Mahakama baadaye iliwatia hatiani mafundi wawili wa umeme: kampuni yao ilikuwa imechelewesha kazi na ilikabiliwa na faini, wakawasha moto ili wapate kisingizio.

Jiji likaamua kujenga jumba lilelile, mahali palepale. Msemo huo Venice ilikuwa nao tangu mnara wa kengele wa Mtakatifu Marko ulipoanguka mwaka 1902 na kujengwa upya kwa umbo lake la zamani. Safari hii kazi ilichukua karibu miaka minane. Zabuni ya kwanza ilitenguliwa mahakamani mwaka 1998. Kazi ikahamia kwa waliokuwa na mchoro wa Aldo Rossi, ambaye mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1997. Mwaka 2001 mkataba wa mkandarasi huyo nao ukavunjwa, akatafutwa mwingine. Milango ilifunguliwa tarehe 14 Desemba 2003, baada ya makumi ya mamilioni ya yuro.

Matokeo yake ni kazi ya kuvutia kweli. Nakshi za mbao, mapambo ya karatasi iliyosagwa kwa gundi, dhahabu juu ya dhahabu, vyote vilifanywa upya kwa mkono. Kamati isisahau, hata hivyo, mafundi hao walianza na nini mkononi. Michoro ya ndugu Meduna ilikuwepo. Picha zilikuwepo kwa mamia. Filamu ya Luchino Visconti ya mwaka 1954 ilikuwa na onyesho lililopigwa ndani ya ukumbi huo, na mafundi waliitazama ili kupata rangi na mapambo. Muda mfupi kabla ya moto, wataalamu wa sauti walikuwa wamerekodi jinsi mlio unavyosafiri ndani ya ukumbi, hivyo hata mwangwi wake ulijulikana. Na nchini Italia bado walikuwepo watu wanaojua kupaka dhahabu kwenye mbao. Majumba yetu mengi hayana hata mchoro mmoja uliokamilika. Bila kumbukumbu za namna hiyo, kinachoitwa kurudisha lilivyokuwa kinageuka kazi ya kubuni, na mgeni atauziwa mambo ya kale yaliyotengenezwa jana.

Kuna jambo lingine linalonikaa moyoni zaidi. La Fenice iliyojengwa mwaka 2003 ni nakala ya ile ya ndugu Meduna na mapambo yaliyoongezwa baada yao. Ile ya Selva haikurudi. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye kikao na kusema "tulirudishe lilivyokuwa", aulizwe papo hapo: mwaka gani? Jibu la swali hilo linabadilisha bajeti nzima, na mara nyingine linawagawa watu kuliko fedha zenyewe.

Paris: tengeneza cha lazima, makovu yaache

Nyuma ya kituo cha treni cha Gare du Nord kuna ukumbi uliofunguliwa mwaka 1876, mtaa wa watu wa kawaida, mbali na fahari ya katikati ya jiji. Bouffes du Nord ilikuwa na bahati mbaya ya biashara kwa muda mrefu, mpaka ikafungwa mwaka 1952 na kuachwa ioze. Mwaka 1974 mwelekezi wa Kiingereza Peter Brook na mwenzake Micheline Rozan wakaikuta katika hali hiyo.

Mtu mwingine angefunga milango miaka mitano akitafuta wafadhili. Wao waliifungua mwaka uleule. Walishughulikia usalama, wakaweka viti vya watazamaji, wakaleta eneo la kuchezea mbele kabisa, usawa mmoja na watu waliokaa chini, hivyo mwigizaji anasimama karibu kufikiwa kwa mkono. Kuta hazikupigwa lipu mpya. Rangi iliyobanduka ikaachwa imebanduka, alama za maji na moshi zikabaki, na nguzo nyembamba zinazobeba roshani zikabaki na nakshi zao zilizomeguka. Mtazamaji anakaa ndani ya umri wa jengo. Ukumbi unachukua watu kama mia tano tu, na sauti yake inasifiwa na wanamuziki mpaka leo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kuufahamu ukumbi huu: mwaka 1975 ilichezwa humo tamthilia kuhusu Waik, watu wa milima ya kaskazini mashariki mwa Uganda, ikiwa na waigizaji kutoka nchi mbalimbali. Ukumbi uliochakaa ulikuwa umeshaanza kufanya kazi nzito, wakati majirani zake waliopakwa rangi walikuwa wakirudia vichekesho vilevile.

Mwaka 1993 serikali ya Ufaransa ililiorodhesha jengo hilo kuwa urithi wa kihistoria. Makovu yale yale ambayo mkandarasi angeyafuta siku ya kwanza sasa yanalindwa na sheria.

Kati ya njia zote nne, hii ndiyo naipenda zaidi kwa mazingira yetu, lakini ina mtego wake. Kovu ni kitu kilichokwisha kupona. Nondo inayoota kutu ndani ya zege haijapona. Inavimba, inapasua zege kutoka ndani, na siku moja kipande kinamdondokea mtu. Mchwa kwenye boriti hawajapona. Nyaya za umeme za mwaka 1955 hazijapona. Atakayeiga Paris lazima awe mkali kuliko wote kwenye paa, mihimili, umeme na milango ya dharura, ndipo apate haki ya kuacha rangi ibanduke.

Chicago: kidogo kidogo, na biashara ubavuni

Auditorium ilifunguliwa tarehe 9 Desemba 1889, kazi ya Dankmar Adler na Louis Sullivan. Adler alikuwa bingwa wa sauti, Sullivan wa mapambo, na pamoja waliujaza ukumbi matao makubwa yaliyopambwa kwa dhahabu na maelfu ya balbu za umeme, kitu kipya kabisa wakati ule. Watu zaidi ya 4,000 waliingia.

Waliolijenga hawakutegemea tiketi peke yake. Ukumbi ulizungukwa na hoteli na ofisi za kupangisha, kusudi kodi ya nje ibebe hasara ya ndani. Hesabu hiyo ilikwenda vizuri kwa muda, mpaka hoteli mpya zenye bafu kila chumba zilipoipita ile ya kwao. Mwaka 1941 jumba lilifilisika. Wakati wa Vita vya Pili likawa kituo cha burudani cha askari, na juu ya jukwaa zikatandikwa njia za mchezo wa kuangusha pini kwa mipira. Mawazo ya kulibomoa yalikuwepo, lakini jengo lilikuwa zito mno: gharama ya kulivunja ilizidi thamani ya kiwanja. Lilipona kwa sababu ya unene wa kuta zake.

Chuo cha Roosevelt kikalinunua mwaka 1946 na kutumia sehemu za hoteli na ofisi kwa madarasa. Ukumbi wenyewe ukakaa gizani zaidi ya miaka ishirini. Kamati ya raia iliundwa mwaka 1960, ikachangisha, na msanifu Harry Weese akaongoza urejeshaji. Lilifunguliwa tena tarehe 31 Oktoba 1967. Kazi nyingine ziliendelea miongo iliyofuata, fedha zilipopatikana.

Tofauti yake na Venice ni kwamba hapa kitu halisi kilikuwepo. Matao yalisimama, mapambo yalikuwa chini ya vumbi na rangi za baadaye. Jengo lilikuwa limetitia ardhini zaidi ya nusu mita mahali pengine, na sakafu ya ukumbi wa kuingilia ina mteremko unaouhisi miguuni, wala haukulazimishwa kunyooka. Kilichohitajika ni kusafisha, kuziba, kurudishia pengo na kufungua. Fedha ilikuja kwa awamu, na kila awamu iliacha kitu kinachotumika. Huo ndio ubora wake mkubwa ukilinganisha na La Fenice, ambako miaka minane ilipita bila mtu kukalia kiti.

Udhaifu wake ni uvumilivu unaodaiwa. Kamati ya namna hii inahitaji watu watakaokuwepo miaka kumi, wenye daftari la fedha safi, na ambao hawatagombana kiongozi akibadilika. Mnajijua wenyewe.

Buenos Aires: jukwaa likawa mkahawa

Gran Splendid ilifunguliwa mwaka 1919 kwenye barabara ya Santa Fe, ikiwa na viti vipatavyo 1,050 na dari iliyochorwa na Nazareno Orlandi. Muziki wa tango uliimbwa humo, kituo cha redio kilirusha matangazo kutoka jengo hilohilo, na baadaye likawa jumba la sinema. Biashara ya sinema ilipodhoofika, mwaka 2000 likakodishwa na kuwa duka la vitabu, El Ateneo Grand Splendid.

Roshani zimebaki na vitabu vimepangwa zilipokuwa safu za viti. Pazia jekundu limebaki limefunguliwa pembeni, na juu ya jukwaa watu wanakunywa kahawa. Vile vijumba vidogo vya watu wenye pesa, pembeni ya roshani, vimekuwa sehemu za kukaa na kusoma. Wageni wanafurika kila siku, na wengi wao wasingeweza kumudu tiketi ya opera popote.

Wapenzi wa maonyesho huumia wakilitazama. Nami naumia kidogo, lakini naliona limeponea mahali pazuri, na sababu yangu ni moja: rafu zinaweza kuondolewa. Hakuna sakafu ya zege iliyomwagwa katikati ya ukumbi kuupasua ghorofa mbili. Dari halikutobolewa kwa mabomba ya viyoyozi mpaka likapoteza picha yake. Kizazi kingine kikitaka jukwaa, kitaanza na mafundi seremala kabla ya kumwita mhandisi wa mihimili. Linganisha na majumba ambayo ndani yamefyekwa yote, ikaachwa sura ya mbele tu kama kinyago kwenye uso wa jengo la maduka. Hilo mimi silihesabu kuwa uokoaji.

Kwetu njia hii ipo tayari. Nairobi, jumba la sinema la Shan kule Ngara lilichukuliwa na shirika la Sarakasi na kugeuzwa ukumbi wa mazoezi na maonyesho ya sarakasi, ngoma na muziki. Ni mfano bora kuliko hata wa Buenos Aires, kwa kuwa jengo lilibadilisha kazi bila kuacha burudani. Majumba mengine kadhaa ya sinema katika miji yetu yamekuwa makanisa, na nayo yametunza viti, jukwaa na paa kwa uaminifu ambao wenye sinema hawakuwa na uwezo nao tena.

Ukarabati wenyewe ndio hatari kubwa

Hapa nataka kamati isimame kidogo, hata kama tayari imeshapenda njia fulani. La Fenice iliungua ikiwa mikononi mwa mafundi. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililo mbele ya Forodhani, Unguja, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la zamani linakaa kwa mazoea: mzigo umeshajua njia yake ya kushuka. Ukiondoa ukuta mmoja, ukibandua sakafu, ukiweka jukwaa la mafundi upande mmoja na si mwingine, mazoea hayo yanavurugika.

Kwa hiyo njia ya Venice, ambayo ni kazi kubwa kwa wakati mmoja, ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Ya Paris ina hatari ndogo kwa sababu inagusa vitu vichache. Ya Chicago iko katikati, nayo inarudiarudia hatari hiyo kila awamu. Ya Buenos Aires inategemea kabisa mpangaji: je, mkataba unamkataza kupasua, kutoboa na kuongeza uzito bila ruhusa ya mhandisi?

Suala la vifaa nalo haliepukiki. Kuta za kale za pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa, zimebebeshwa boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo unanyonya unyevu na kuutoa. Fundi akiupiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya masika kadhaa unaona mabaka yanavimba. Gonga kwa kifundo cha kidole: palipoachana panalia kama debe tupu, palipo pazima panajibu kwa sauti nzito. Saruji hiyo ikibomolewa inang'oa na uso wa jiwe. Dawa yake ni chokaa iliyolowekwa muda wa kutosha, ipigwe tabaka jembamba baada ya jembamba, na fundi apewe muda. Mkandarasi anayeahidi kumaliza kuta hizo kwa wiki mbili hajui anachokigusa.

Majengo ya miaka ya 1950 yana ugonjwa tofauti. Hayo ni ya zege na nondo, na hewa ya bahari inazifikia nondo kupitia kila ufa. Hapo chokaa haitasaidia. Lazima zege lililopasuka litolewe, nondo zisafishwe au zibadilishwe, ndipo lifunikwe tena. Mhandisi wa kupima nondo alipwe kabla ya msanifu wa kuchora picha za kupendeza.

Nairobi: jengo na ugomvi wake

Ukumbi wa Taifa wa Kenya ulifunguliwa mwaka 1952 na serikali ya kikoloni, na kwa muda mrefu ulikuwa wa Wazungu kwa ratiba na kwa tabia. Mwaka 1976, miaka kumi na mitatu baada ya uhuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo walilazimika kupigania nafasi ya siku chache tu kwa tamthilia yao kuhusu Dedan Kimathi, huku ratiba ikiwa imejaa maonyesho ya kigeni. Ukumbi ulikarabatiwa na kufunguliwa upya Septemba 2015, kwa mchango mkubwa wa kampuni ya East African Breweries.

Kwa sura, jengo hilo halina dhahabu ya Venice wala dari la Buenos Aires. Thamani yake imo katika ugomvi huo. Njia sahihi kwake ilikuwa ile ya kawaida kabisa: viti, taa, sauti, vyoo, na milango iendelee kufunguka. Nalitaja kwa sababu kamati nyingi hupima urithi kwa macho, zikaona jumba lisilo na nakshi zikasema halina cha kuhifadhi. Waulizeni wasanii wazee wa mji wenu ni usiku gani hawatausahau ndani ya jengo hilo, muandike majibu, kisha mpime tena.

Majestic: ningechagua nini

Jumba hili lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa jina la Royal, mchoro wa John Sinclair, yuleyule aliyechora Mahakama Kuu na Beit el Amani. Liliungua miaka ya 1950. Lililojengwa mahali pake mwaka 1955, kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania, lilikuwa na sura ya kisasa ya enzi hizo: mistari iliyonyooka, kona za mviringo, hakuna matao ya Sinclair. Vizazi vya Unguja vimeingia humo kutazama filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani. Kisha likafungwa kama wenzake.

Lile swali la mwaka gani linaamka hapa kwa nguvu zote. Wapo watakaotamani ule uzuri wa Sinclair, hasa kwa kuwa Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na watalii wanapenda matao. Mimi napinga. Jumba la Sinclair limekwisha kuungua. Lililopo ni la 1955, na ndilo ambalo babu na bibi za watu wanaoishi leo walikaa ndani yake. Kulibomoa la pili ili kuiga la kwanza ni kupoteza yote mawili. Njia ya Venice kwa Majestic naiondoa mezani.

Ya Buenos Aires, kwa maana ya kuligeuza duka, naiondoa pia, lakini kwa sababu nyingine. Unguja ina watazamaji. Tamasha la filamu la ZIFF na lile la muziki la Sauti za Busara huwajaza watu Ngome Kongwe, kwenye ukumbi wa wazi. Uwazi huo ni raha tupu usiku wa kiangazi, lakini masika yakiingia hakuna mkusanyiko. Mji wenye matamasha makubwa namna hiyo unahitaji ukumbi wenye paa kuliko unavyohitaji duka lingine la vinyago. Kazi ipo, na wa kuifanya wapo.

Zinabaki Paris na Chicago, nami ningezifunga pamoja. Kutoka Paris ningechukua ujasiri wa kufungua mapema na ukuta ukiwa mchafu. Kutoka Chicago ningechukua awamu na kodi: vyumba vya mbele, vinavyotazama barabara, vipangishwe kwa mkahawa, duka la vitabu au studio, na kodi yake iandikwe kisheria kuwa ni ya paa na umeme wa ukumbi, isichotwe kwa shughuli nyingine.

Mpangilio wa kazi ningeuweka hivi. Paa na mifereji ya maji kwanza, kabla ya jambo lolote, kwa maana kila masika yanayopita yanakula zaidi ya bajeti ya mwaka. Sambamba na hilo, jengo lipimwe na kuchorwa lote, lipigwe picha kila kona, na mwangwi wa ukumbi urekodiwe, kazi ya siku chache ambayo Venice ilikuja kuishukuru. Zege lichunguzwe. Umeme wa zamani ukatwe wote, uwekwe mpya wenye nyaya zinazoonekana, ili ukaguzi uwe rahisi na kuta zisichimbwe. Milango ya dharura ifunguke kwa nje. Kisha watu mia mbili waingie, wakae kwenye viti vya kuazima, filamu ionyeshwe. Ada ya kiingilio iwe ndogo, na daftari la mapato libandikwe mlangoni.

Viti vya kudumu, mapambo, taa za nje zenye jina la jumba, vyote hivyo visubiri mpaka ijulikane watu wanaujaza ukumbi kwa kitu gani. Kama ni taarabu, jukwaa litahitaji kina na nafasi ya wapiga vyombo. Filamu itadai giza kamili na sakafu yenye mteremko. Tamthilia nayo itataka watazamaji wasogee karibu kama Paris, na pengine safu za mbele zisirudi kabisa.

Jambo la mwisho ni la karatasi, na kamati nyingi hulikimbia. Yeyote atakayepewa jumba, awe mwekezaji, chama cha wasanii au idara ya serikali, atie sahihi orodha ya vitu ambavyo hatavigusa bila idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe: sura ya mbele, umbo la ukumbi, jukwaa, ngazi za kuingilia. Orodha hiyo iambatane na picha zilizopigwa siku ya makabidhiano, nakala tatu, moja ikae nje ya ofisi ya mwenye jengo.